Kukata au Kuvuta

Barabara ya lami ya Mwanza–Musoma imeua wengi. Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana uso kwa uso eneo la Sabasaba, wilayani Butiama, mkoani Mara, watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Katika ajali za njia hii, wa kwanza kufika huwa ni wanakijiji, na vifaa vyao ni mtaimbo, shoka na mnyororo wa lori.

Ili kumtoa aliyebanwa ndani ya gari, Waingereza na Wamarekani hukata. Mkasi wa haidroliki hukata nguzo, paa huondolewa, majeruhi hutolewa mgongo ukiwa umenyooka. Utaratibu huo ulizoea chuma laini. Chuma cha boroni kiliingia kwenye milango ya Saab 9000 mwaka 1984. Leo kimo katika nguzo za magari mengi ya kawaida, na hustahimili megapaskali 1,500 hivi, mara nne au tano ya kile cha zamani. Mkasi wa miaka ya nyuma ukikibana, meno yake huweza kupasuka na nguzo ikabaki imesimama. Na chuma hicho hicho ndicho kilichomwacha dereva hai, miguu ikiwa imebanwa chini ya dashibodi.

Wanorwei huvuta. Nyuma ya gari hufungwa kwa mnyororo kwenye mti au gari la zimamoto. Mnyororo mwingine hushika nguzo ya mbele na mhimili wa usukani. Winchi huvuta taratibu, gari lililojikunja linanyooka, miguu inaachiliwa. Ugumu wa nguzo haugombaniwi.

Kwa hili Mara iko karibu na Oslo kuliko London. Mnyororo tunao, lori tunalo. Tatizo ni mkono. Kwetu, gari halijafungwa nyuma, dereva wa lori anakanyaga mafuta, lori linaruka, na mchomoko (gari dogo la abiria) mzima unaburutwa na abiria ndani, shingo ikirushwa huku na huku. Kwa Wanorwei mtu huingia kwanza, akashika kichwa cha majeruhi na kuzungumza naye muda wote.

Mikasi mipya ni ghali, nayo tuidai. Lakini wakati tunaisubiri, naliomba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liwafundishe madereva wa malori na mafundi wa gereji za Bunda, Butiama na Musoma kufunga nyuma na kuvuta polepole. Nawe msomaji, ukikuta ajali, piga 114 kabla hujagusa mnyororo.