Sosiolojia kwa Faida ya Nani? Funzo la Eduardo Mondlane

Vijana wanaojiandaa kusoma sosiolojia, yaani elimu ya jamii, hutuuliza: shahada hii itatufikisha wapi? Swali ni la haki, lakini ni nusu ya swali. Tuulize pia: itamfikisha wapi mkulima na mfanyakazi, ambao jasho lao ndilo linalolipia masomo hayo? Historia inatupa jibu.

Mkoloni aliijua mapema faida ya elimu hii. Hapa Tanganyika serikali ya Kiingereza ilimwajiri Hans Cory kuwa mwanasosiolojia wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuchunguza na kuandika mila na sheria za Wahaya, Wasukuma na wengineo. Maandishi hayo yana thamani hata leo. Lakini serikali iliyoyaagiza iliyataka ili itawale kwa urahisi kupitia machifu.

Sasa tumtazame Ndugu Eduardo Mondlane. Alizaliwa mwaka 1920 huko Gaza, kusini mwa Msumbiji, na utotoni alichunga mifugo. Mwaka 1949 serikali ya makaburu ilimfukuza Afrika Kusini alikokuwa akisoma. Alipitia Lisbon, akaenda Marekani, akapata shahada ya kwanza Oberlin mwaka 1953 na udaktari wa sosiolojia katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1960. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Maisha ya raha yalikuwa mkononi mwake.

Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu vya Wamsumbiji viliungana Dar es Salaam na kuunda FRELIMO, naye akachaguliwa Rais. Mwaka 1963 aliacha kazi Marekani akahamia Dar es Salaam. Je, aliitupa shahada yake? La hasha. Alichambua kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kazi za shokoa na elimu ya kibaguzi, akaonyesha nani ananufaika na nani anaumia. Uchambuzi huo ukawa silaha ya harakati.

Hata hivyo, usomi ulizua mgogoro ndani ya FRELIMO yenyewe. Chama kilitaka wanafunzi nao watumikie mapambano, hata ikibidi kukatiza masomo. Baadhi walikataa. Machi 1968 fujo zilizuka katika shule ya Taasisi ya Msumbiji, Dar es Salaam, ikafungwa. Nasi tusiwanyooshee kidole wenzetu. Oktoba 1966 wanafunzi wetu wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Ugonjwa ulikuwa ule ule: kudhani kwamba umma unadaiwa na msomi, kumbe msomi ndiye anayedaiwa na umma.

Tarehe 3 Februari 1969 bomu lililofichwa ndani ya kifurushi lilimuua Mondlane jijini Dar es Salaam. Hakuuona uhuru wa tarehe 25 Juni 1975. Mwaka 1976 chuo kikuu kilichoko Maputo kilipewa jina lake.

Basi tuseme wazi. Shahada ya sosiolojia yaweza kumpeleka kijana kwenye maendeleo ya jamii, mipango, utafiti, ualimu au uongozi. Kazi zote hizo taifa linazihitaji. Lakini katika kila moja mtu aweza kuwachunguza wananchi kwa manufaa ya wakubwa tu. Ndugu mwanafunzi, kabla hujaingia kijijini na daftari lako, jiulize: majibu nitakayoyapata nitampelekea nani, na wanakijiji hawa nitawarudishia nini?