Chuma, Mchele na Ndizi: Tarihi ya Wafali Isiyo na Ngano

Miongoni mwa maakuli ya asubuhi ambayo nyumba nyingi za mjini zimeyapokea katika zama zetu, kuna mkate mwepesi wa vijumba-vijumba uitwao wafali, ambao huokwa baina ya mabamba mawili ya chuma na kuliwa pamoja na matunda. Na siku hizi, kwa ajili ya wale ambao miili yao haistahimili ngano, mkate huo hufanywa kwa unga wa mchele, na ndizi mbivu ikapondwa ndani ya rojo yake. Mtu aonaye jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ni anasa ya watu waliokinai vyakula vya kawaida. Sivyo hata kidogo. Nyuma ya sahani ile moja kuna tarihi mbili ndefu, moja ya chuma na moja ya maradhi, ambazo zilikwenda mbalimbali kwa karne nyingi kabla ya kukutana jikoni. Na mwenye kuzifuata zote mbili atafahamu kuwa kuiacha ngano ni elimu iliyonunuliwa kwa thamani kubwa.

Tuanze na chuma. Katika Ulaya ya zama za kati, waokaji wa Kanisa walikuwa na koleo ndefu zenye mabamba mawili bapa, ambayo yalipopashwa moto na kubanwa juu ya rojo ya unga na maji yalitoa mkate mwembamba wa altare, uliopigwa chapa ya msalaba au sura nyingine ya ibada. Waokaji wa mitaani wakauiga ufundi huo kwa chakula cha kawaida, na kufikia mwisho wa karne ya 14 kitabu cha unyumba kijulikanacho kwa jina la Le Ménagier de Paris, ambacho mume mzee humfundisha ndani yake mkewe kijana mambo ya nyumba, kilikuwa kikieleza namna ya kuifanya wafali kwa mayai, chumvi, divai na unga, na namna ya kutia jibini katikati yake. Mabamba nayo yakaja kuchongwa miraba yenye kina, ili rojo iguswe na chuma pande nyingi na kukauka vizuri. Na mchoraji Pieter Bruegel, katika picha yake ya mwaka 1559 ionyeshayo vita baina ya Kanivali na Kwaresima, alimweka mwanamke uwanjani akioka mikate hiyo hadharani. Waholanzi walivuka nayo bahari hadi Amerika, na huko, tarehe 24 Agosti 1869, Cornelius Swarthout wa mji wa Troy katika jimbo la New York alipewa hataza ya chuma cha kuokea juu ya jiko, chenye mkono wa kukigeuzia, hata mpishi asihitaji tena kushika koleo ndefu mbele ya moto wa kuni.

Katika safari hiyo yote ngano ndiyo iliyotawala, na sababu moja ya enzi yake ilikuwa ya dini, kwani sheria ya Kanisa Katoliki haikubali mkate wa altare uliofanywa kwa nafaka nyingine. Lakini tumbo la maskini halina sheria hiyo. Katika ardhi za mchanga za Uholanzi, ambako ngano haikustawi, wakulima walipanda boekweit, mmea ambao si wa ukoo wa ngano wala wa nyasi yoyote, wakasaga mbegu zake na kuzikaanga kuwa chapati za maji; na hivyo, pasipo kujua, walikuwa wakila chakula ambacho kingeweza kumponya mtoto mgonjwa aliyekuwa akikonda katika nyumba ya tajiri aliye na mkate mweupe mezani.

Maradhi ya mtoto huyo ni seliaki. Mwenye maradhi haya akila ngano, shayiri, au ile nafaka ya nchi za baridi ambayo Waholanzi huiita rogge, protini yenye kunata iitwayo gluteni huuchochea mwili wake ujipige wenyewe, na vijinyuzi laini vya ndani ya utumbo, ambavyo kazi yake ni kufyonza riziki ya chakula, huharibika na kulala. Mtoto akala asinenepe, tumbo likavimba, viungo vikakonda, na kimo kikasimama. Mwaka 1887, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street mjini London, tabibu Samuel Gee aliyaeleza maradhi hayo kwa makini makubwa, akakata shauri kwamba ikiwa kuna tiba, basi tiba hiyo haina budi kupatikana katika chakula. Alimtaja mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Uholanzi kila siku, akanawiri ajabu, kisha msimu wa kome ulipokwisha akarudi katika udhaifu wake. Watu wakakiangalia chakula alichopewa mtoto, na kile alichoacha kukila hakuna aliyekitambua.

Kosa la namna hiyo hiyo lilirudi katika mwaka 1924, pale Sidney Haas, tabibu wa watoto wa New York, alipotoa habari za wagonjwa wake 10: wanane aliwalisha ndizi kwa wingi na kuwazuilia mkate, wakapata nafuu, na wawili ambao hawakulishwa hivyo walikufa. Ndizi ikasifiwa kuwa dawa, na kwa miaka mingi wazazi wakaitafuta kwa gharama yoyote. Ndizi haikustahili sifa ile kwa ukamilifu wake, kwani kilichowaokoa watoto ni kuondoka kwa mkate mezani. Wala tusimdharau Haas kwa hilo, maana watoto waliokuwa wakielekea kaburini aliwarudisha. Lakini madhara ya kutoijua sababu yalikuwa makubwa, kwa kuwa mtoto aliyedhaniwa amepona alirudishiwa mkate ule ule uliomwumiza.

Aliyeijua sababu ni Willem Karel Dicke, aliyezaliwa Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1905, na ambaye mwaka 1936, akiwa na miaka 31 tu, aliwekwa kuwa mkuu wa hospitali ya watoto ya Juliana mjini The Hague. Katika siku hizo mama mmoja kijana alimweleza kwamba mwanawe mgonjwa hutokwa na vipele, na kwamba vipele hivyo hupungua upesi kila anapomwondolea mkate. Matabibu wangapi wangalisikia maneno hayo na kuyapuuza kuwa ni dhana za jikoni! Dicke aliyapokea, akayapima, akaanza kuwalisha wagonjwa wake mlo usio na ngano. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na ndani yake majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, ambapo njaa iliwaua Waholanzi wapatao 20,000, na watu walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Katika dhiki hiyo ya kutisha, ambapo mkate ulitoweka, watoto wenye seliaki walionekana kupata nafuu. Na mkate uliporudi, wakaugua tena. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba ithibati ya ukweli huu ilikuja katika gari moja na mauti ya wengine.

Dicke hakuridhika na kuona kwa macho. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na pamoja na mwanakemia J. H. van de Kamer na tabibu H. A. Weijers walipima mafuta yaliyopotea katika choo cha watoto, siku walizokula ngano na siku walizoiacha. Hesabu zilisema wazi: ngano ilidhuru, nao mchele na mahindi havikudhuru. Dicke alifariki mwaka 1962, akiwa ameacha elimu ambayo hadi leo ndiyo tiba pekee iliyothibiti ya maradhi haya, nayo ni kuiacha gluteni maisha yote. Wala asiseme mtu kuwa haya ni mambo ya Wazungu peke yao, kwani katika nchi nyingi takriban mtu 1 kati ya 100 ana maradhi haya, na miongoni mwa watoto wa Saharawi, huko kaskazini-magharibi mwa Afrika, uchunguzi umekuta zaidi ya 5 kati ya 100.

Hapo ndipo mwambao wetu unapoingia katika tarihi hii, si kwa kuburutwa bali kwa haki yake. Wachimbaji wa magofu ya Pemba wamekuta punje za mchele zilizoungua tangu kabla ya mwaka 1000, na Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Mama zetu wameloweka mchele usiku, wakausaga asubuhi, wakauchanganya na tui la nazi, hamira na iliki, wakaumimina katika kikaango chenye mashimo ukawa vitumbua, au katika sinia ukawa mkate wa kumimina, pasipo kuhitaji ngano. Mpishi wa kwetu, basi, ashikapo chuma cha wafali haanzi elimu mpya.

Basi na afanye hivi. Aloweke mchele usiku kucha, auchuje, ausage na tui zito hata uwe laini. Atie mayai, ndizi moja iliyoiva sana, chumvi, sukari kidogo na hamira. Kisha aiache rojo iumuke kwa utulivu, maana unga wa mchele hunywa maji polepole, na aliye na haraka hupata mkate wenye chenga. Gluteni ndiyo ishikayo hewa katika mkate wa ngano. Ikiwa haipo, kazi hiyo hufanywa na yai, na unyevu wa ndizi husaidia kuunganisha. Chuma kipate moto barabara na kupakwa mafuta, wala kisifunguliwe mpaka mvuke upungue. Embe na papai, kwa kuwa yana maji mengi, yawekwe juu baada ya wafali kuiva. Na lililo kubwa kupita yote: chuma kilichokwisha kuokea ngano kisitumike kwa mgonjwa, kwani chembe zilizonasa katika miraba yake zatosha kumdhuru.

Agizo hili la mwisho si ukali wa bure. Wako watu ambao hulichukulia katazo la tabibu kuwa ni uteuzi wa chakula, na mwenye kulishika humcheka au humshawishi aonje kidogo tu. Watu hao hawajui kwamba kila neno la katazo lile liliandikwa kwa miili ya watoto, na kwamba mwanzo wake ulikuwa uangalifu wa mama asiyetajwa jina, aliyeamini alichokiona kwa mwanawe. Nyumba yenye mgonjwa wa namna hii ina wajibu wa kuuendeleza uangalifu huo, na njia iliyo bora ni kupika chakula kimoja kizuri ambacho wote watakila pamoja, ili mgonjwa asitengewe sahani yake kama mgeni nyumbani kwao. Mchele umetulisha miaka zaidi ya elfu. Hautashindwa kuwalisha wazima na wagonjwa katika meza moja.