Usiniambie Mpemba Hajui Biashara

Kuna mjadala mmoja hapa Mnarani hauishi. Vijana wakikaa jioni, lazima mtu auanzishe: "Angalia Wahindi. Walikuja na sanduku moja, saa hii wana maduka, viwanda, mpaka hospitali. Sasa angalia Wapemba. Wako hapa tangu enzi za babu zetu, na bado mtu anavua na chombo cha tajiri." Halafu inafuata hukumu: Mhindi anajua biashara, Mpemba anajua bahari na uganga, basi.

Mimi hukumu hiyo siikubali. Na si ati naonea mtu huruma. Ni kwamba ukiifuata historia ya pande zote mbili pole pole, unakuta maswali mawili yanayoeleza zaidi kuliko tabia ya mtu. La kwanza: alipofika alipokelewa na nani? La pili: serikali ilimwandika wapi?

Tuanze na Wahindi, manake hapo ndo wengi tunapotea. Tumezoea kusikia kwamba Wahindi wa Kenya ni wajukuu wa makuli wa reli. Ni kweli kwamba kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua takriban 32,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Karibu 2,500 walifia kazini. Lakini mkataba ulipoisha wengi walirudi kwao, na waliobaki hawakufika 7,000. Familia nyingi za maduka unazozijua wewe hazikutokana na hao. Zilitokana na watu waliojilipia nauli kutoka Gujarati, Kachi na Punjabi, wakaja kwa sababu kuna ndugu au mtu wa dhehebu lao aliyetangulia.

Mfano mzuri ni Allidina Visram. Alitoka Kachi akiwa mtoto, akafika Bagamoyo mwaka 1863, akaanza kazi kwa mfanyabiashara mkubwa, Sewa Haji Paroo. Hapo alijifunza hesabu, bei za pembe na karafuu, na nani anaaminika kukopeshwa. Reli ilipoanza kupanda bara, yeye alifungua maduka njia nzima mpaka Uganda. Alifariki 1916. Ile shule ya Mombasa yenye jina lake ilifunguliwa 1923.

Sasa cheki vile mfumo ulivyofanya kazi. Kijana anashuka bandarini, mfukoni hana kitu. Lakini kuna duka la kumpokea. Analala stoo, anafanya kazi miaka kadhaa, kisha tajiri anampa bidhaa kwa mkopo akafungue duka lake mbali kidogo. Akiuza analipa, na akilipa anakopeshwa tena. Kwa hivyo hilo sanduku moja tunaloliimba lilikuwa na kitu kingine ndani: jina la mtu wa kumdhamini. Huo ni mtaji, hata kama hauonekani.

Serikali ya mkoloni nayo? Iliwabagua, tena sana. Wahindi hawakuruhusiwa kununua mashamba kwenye zile nyanda za juu walizojitengea wazungu, na waraka wa Devonshire wa 1923 haukubadilisha hilo. Lakini serikali hiyohiyo iliwajua kwa maandishi. Walikuwa na leseni za biashara na pasipoti. Kufikia 1910 walikuwa na mtu wao, A. M. Jeevanjee, kwenye baraza la kutunga sheria. Na hapa Pwani, sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 ilimpa nguvu yeyote aliyeweza kusimama mbele ya afisa na kudai kiwanja kwa jina lake. Wamijikenda waliokuwa wakimiliki ardhi kijamii, bila hati, ndo waliojikuta maskwota kwenye ardhi ya mababu zao. Kwa hivyo hata sisi wenyewe tunajua karatasi inaweza kufanya nini. Tumeishi nayo.

Sasa njoo baharini.

Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakija ufuo huu kitambo sana. Kaskazi ikishatulia bahari, wanapiga dago. Kama hukukulia pwani, dago ni kambi ya msimu: wavuvi wanahama kufuata samaki, wanajenga vibanda ufuoni, wanavua, wanaanika, wanauza, na msimu ukigeuka wanarudi kwao. Kuanzia miaka ya 1930 wengine hawakurudi. Walioa, wakazaa, wakazika wazee wao hapa. Wengine walikuja wakikimbia Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964. Leo utawakuta Mayungu, Watamu na Ngomeni kwetu Kilifi, na Shimoni na Vanga kule Kwale.

Je, hao wa kwanza walikuwa wageni? Hapa ndo watu hunikatalia, lakini ramani iko wazi. Mpaka 1963, ukanda wa pwani wa maili 10 ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliuendesha tu, wakimlipa Sultani kila mwaka. Kilifi, Takaungu na Malindi zote zilikuwa ndani ya ukanda huo. Pemba nayo ilikuwa ya Sultani huyohuyo. Mvuvi akitoka Pemba kuja Malindi, alitoka kwenye bendera nyekundu akaja kwenye bendera nyekundu.

Oktoba 1963 ndo mambo yakabadilika. Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikubaliana kwa barua kwamba ukanda huu uwe sehemu ya Kenya. Barua hizo ziligusia uhuru wa dini, mahakama za Kadhi na hatimiliki za ardhi zilizokuwepo. Kumbe mwenye hati alilindwa. Mvuvi wa dago hakuwa na hati yoyote ya kulindwa. Na sasa sikia hii: Shamte mwenyewe alikuwa mtu wa Pemba.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, watu ambao hawakuwa raia moja kwa moja, lakini walikuwa na haki ya kuomba, walipewa miaka miwili kujiandikisha. Wahindi waligawanyika. Wengine walijiandikisha, wengine walishikilia pasipoti za Uingereza. Waliochagua Uingereza yaliwakuta: sheria za 1967 za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana, na mwanzoni mwa 1968 maelfu wakakimbilia London kabla Uingereza haijafunga mlango mwezi Machi. Iliuma, familia zikapoteza maduka. Lakini angalau kila mtu alikuwa na karatasi ya kubishania. Waliobaki kama raia waliendelea kununua, kurithisha na kukopa benki.

Mpemba hakuwa na mlango wa kwanza wala wa pili. Na mlango mwingine ulipofunguliwa, kwa sheria ya uraia ya 2011, uliwekwa kwa watu wasio na uraia popote walioishi Kenya tangu 12 Desemba 1963. Hesabu mwenyewe. Aliyekimbia Mapinduzi ya 12 Januari 1964 alikosa tarehe hiyo kwa mwezi mmoja.

Sasa tuseme wewe ni kijana wa Mayungu, umezaliwa hapa, babako amezaliwa hapa, na hakuna mwenye kitambulisho. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la jirani, kwa hivyo pesa zako za M-Pesa ni zake mpaka aamue kukupa. Akaunti ya benki huna. Leseni ya uvuvi kwa jina lako hupati, kwa hivyo unapanda chombo cha mtu. Samaki wakifika ufuoni, kuna sehemu ya chombo, sehemu ya nyavu, ndo kisha mabaharia wagawane. Ukitaka kununua mashine ya boti unakopa kwa tajiri, na ukishakopa samaki wako lazima umuuzie yeye, kwa bei yake. Mamako akiwa mamakaranga, anauza samaki wa kukaanga na faida anaificha chini ya godoro. Mtoto akizaliwa, cheti cha kuzaliwa ni vita. Bila cheti, usajili wa mitihani ni vita. Bila kitambulisho, sahau mkopo wa chuo. Na polisi akikusimamisha barabarani, unalipa kwa kuwepo tu.

Umeona? Juhudi ipo. Mtu anayelala baharini siku tatu huwezi kumwambia hana bidii. Kinachokosekana ni mahali pa kuiweka hiyo bidii ibaki yake. Mhindi wa duka la miaka ya 1930 alipopata faida, aliiandika daftarini, akanunua kiwanja, mwanawe akarithi. Mpemba alipopata faida, aliila, akaificha, au akaiandikisha kwa jina la mtu mwingine akiomba Mungu asidhulumiwe. Ifanye hivyo kwa vizazi vitatu, halafu uniambie tofauti ni akili.

Na angalia jinsi kutambuliwa kwenyewe kulivyokuja. Julai 2017 serikali ilitangaza Wahindi wa Kenya kuwa kabila la 44. Sensa ya 2019 ikahesabu watu 47,555 katika kundi hilo. Lilikuwa jambo la heshima, na sioni ubaya. Lakini walikuwa raia tayari. Siku iliyofuata hakuna aliyeanza kumiliki laini kwa mara ya kwanza.

Wapemba, baada ya miaka ya kupeleka malalamiko wakisaidiwa na mashirika ya haki za binadamu, walitambuliwa na serikali Januari 2023. Julai mwaka huo Rais William Ruto akaja Kilifi na kuanza kugawa stakabadhi za uraia. Wanakadiriwa kuwa watu 7,000 hivi. Kwao ile karatasi ilimaanisha leseni, benki, shule na hospitali. Kabla yao Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walilazimika kufunga safari ya miguu kuelekea Ikulu, Nairobi, Oktoba 2016 ndo wakasikizwa. Washona wa Kiambu, wenye asili ya Zimbabwe, walitangaziwa Desemba 2020. Hakuna Mhindi aliyelazimika kutembea kwa miguu kutoka Kwale ili apate laini ya simu.

Najua mtakavyonijibu. Kwanza: "Lakini kuna Wahindi maskini pia." Ndiyo, wapo, na kuna Wapemba waliofanikiwa. Nazungumzia jamii kwa jumla, na hoja yangu inawasaidia hata hao Wahindi maskini, manake nao huchoka kuambiwa kila Mhindi ana duka. Pili: "Wahindi wanasaidiana, Wapemba hawasaidiani." Si kweli. Dago lote ni kusaidiana: chombo kimoja, sufuria moja, msiba mmoja. Tofauti ni kwamba msaada wa Mhindi uliweza kugeuka kampuni yenye cheti, na msaada wa Mpemba ukabaki kuwa sahani ya wali na mahali pa kulala.

Na msidhani haya ni ya Kenya peke yake. Uingereza iliwapokea watu kutoka Jamaika na visiwa vya jirani kuanzia 1948, baadhi wakija na meli iliyoitwa Windrush. Watoto wao walikua huko, wakafanya kazi, wakalipa kodi. Mwaka 2018 dunia ikagundua kwamba baadhi yao walikuwa wakifukuzwa kazi, wakinyimwa matibabu, wengine kurudishwa visiwani, kwa sababu hawakuwa na karatasi za kuthibitisha walifika lini. Waskoti walioishi mtaa huohuo hawakuulizwa. Ukilinganisha pesa za Mjamaika na za Mskoti bila kuuliza nani alidaiwa karatasi, umelinganisha nini?

Ndo maana nataka tubadilishe namna tunavyobishana. Ukiona jamii moja imepanda na nyingine imebaki chini, usikimbilie "hawa wanajua, hawa hawajui". Uliza walipofika nani aliwapokea. Uliza waliweza kumiliki kitu kwa jina lao tangu lini. Uliza mtoto wao alipata cheti cha kuzaliwa au la. Ukishajibiwa hayo, ndo uje na maneno ya tabia, kama bado utakuwa nayo.

Kwa vijana wa Kipemba wanaonisoma: wengi wenu mna vitambulisho vipya, miaka michache tu. Msikubali mtu awapime na jamii iliyoanza kuandika daftari zaidi ya miaka 100 iliyopita. Chukueni leseni kwa majina yenu. Sajilini watoto wachanga mapema, hata kama foleni ni ndefu. Wale wazee ambao bado karatasi zao hazijatoka, wapelekeni nyinyi, manake wao walishachoka kurudishwa.

Na sisi wengine tulio na vitambulisho tangu tulipofika miaka 18, kuna kazi moja ndogo. Kama kuna laini, boti au kiwanja cha Mpemba kilichoandikwa kwa jina la familia yako, saa hii hakuna sababu tena. Mwandikie chake.