Sarkoma ya Uongo: Historia ya Jina la Uvimbe Mmoja wa Watoto

Neno saratani limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni kaa. Kilatini nacho kiliuita ugonjwa huo kwa jina la kiumbe huyohuyo. Jina zito namna hiyo, likitolewa pasipo haki, huweza kumletea mtoto upasuaji mkubwa asiouhitaji. Historia ya fasiitisi ya vinundu yathibitisha jambo hilo.

Fasiitisi hiyo ni uvimbe utokao kwenye utando unaofunika misuli. Hukua kwa majuma machache tu, na kwa kawaida hauzidi sentimita 3. Chini ya hadubini, seli zake huonekana zikigawanyika kwa wingi, mithili ya sarkoma, yaani saratani ya tishu laini. Kwa sababu ya mfanano huo, baadhi ya wagonjwa walikatwa nyama nyingi bila haja.

Mwaka wa 1955, nchini Marekani, Konwaler, Keasbey na Kaplan waliueleza uvimbe huo, wakaweka katika jina lake neno lenye maana ya sarkoma ya uongo. Mwaka wa 1980, Lauer na Enzinger walieleza aina yake itokeayo kichwani mwa watoto, hasa wachanga. Aina hiyo huweza kula mfupa wa fuvu, wala si saratani.

Hata hivyo, jina lililodumu lilikuwa na kasoro yake. Kiishio «-itisi» huashiria uchochota, na wengi waliamini kwamba uvimbe huo ni jibu la mwili kwa jeraha tu. Mwaka wa 2011, watafiti wa Mayo Clinic walionyesha kwamba ndani ya seli zake jeni mbili, MYH9 na USP6, zimeungana. Basi ni uvimbe halisi, ila ukuaji wake hukoma wenyewe.

Hivyo jina la kwanza lilizidisha hatari, na la pili likaficha asili. Ndiyo maana kipande cha uvimbe hupimwa kabla ya hukumu yoyote, kwani sarkoma za kweli, kama rabdomiosarkoma, nazo huwapata watoto, na hizo hazisubiri. Kumwita mgonjwa wa fasiitisi kuwa ana saratani ni kumdhulumu. Kuiita saratani fasiitisi ni kumpoteza mtoto.