Sentensi Mbovu na Mtahiniwa: Historia Fupi ya Swali la Kusahihisha

Utangulizi

Swali la "Sahihisha sentensi ifuatayo" huchukua mstari mmoja tu katika karatasi ya mtihani, na aghalabu hutuzwa alama moja au mbili. Kwa sababu ya udogo wake, walimu wengi hulipitia mbiombio wakiamini kuwa mwanafunzi atalijibu kwa sikio tu. Hata hivyo, swali hili lina historia ndefu, na historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini sikio la mtahiniwa wa Kenya humponza mara kwa mara. Makala haya yanafuata njia ambayo swali hili limepitia hadi likatufikia, kisha yanaonyesha jinsi mtahiniwa anavyoweza kulikabili bila kubahatisha.

Usahihi ulitoka wapi?

Hakuna kusahihisha bila kipimo. Kabla ya karne ya 20 kila mji wa pwani ulikuwa na kipimo chake. Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita mwanzoni mwa karne ya 19, nao washairi wa Lamu na Pate walitunga kwa lahaja za kwao. Wamishenari walipofika, kila mmoja alishika lahaja ya mahali alipotua. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka wa 1844, na sarufi yake ya 1850 iliegemea Kiswahili cha huko. Edward Steere alifanya kazi yake Unguja, na kitabu chake cha 1870 kikaeleza Kiunguja.

Mvutano huo uliamuliwa mwaka wa 1928. Mkutano uliofanyika Mombasa, yaani nyumbani kwa Kimvita, uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyozihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kamati hii, iliyoongozwa na maafisa wa kikoloni, ilisanifisha tahajia na kupitisha vitabu vya shule. Kamusi za Frederick Johnson zikatoka mwaka wa 1939, na sarufi ya E. O. Ashton ikafuata mwaka wa 1944. Tangu hapo sentensi iliweza kuitwa "mbovu" hata kama mji mzima ulikuwa ukiisema.

Jambo moja husahaulika hapa. Vitabu vya Steere na Ashton viliandikwa kwa Kiingereza. Aliyelengwa alikuwa mgeni aliyekuwa mtu mzima: mmishenari, au afisa wa serikali aliyetakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili kazini. Mgeni huyo hakuwa na sikio la lugha, kwa hiyo alipewa kanuni. Mtahiniwa wetu wa leo ni kinyume chake. Anakisikia Kiswahili tangu utotoni, ila ni Kiswahili cha sokoni, cha matatu na cha mtaani. Ana sikio, lakini hana kanuni. Amerithi sarufi iliyotungiwa mtu mwingine.

Kiswahili kuingia katika mtihani

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 ilikitambua Kiswahili shuleni, lakini mtihani haukukipa nafasi. Katika CPE, mwanafunzi wa shule ya msingi alitahiniwa Kiingereza, Hisabati na karatasi ya mseto wa masomo mengine. Somo lisilotahiniwa, kama kila mwalimu ajuavyo, husomeshwa kwa shingo upande. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza Kiswahili kiwe cha lazima na kitahiniwe. Tume ya Mackay ya 1981 ikalitia nguvu pendekezo hilo, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, KCPE ya kwanza ikawa na Kiswahili ndani yake. KCSE ya kwanza ikafuata mwaka wa 1989. Mitihani hii ilisimamiwa na Baraza la Mitihani la Kenya, lililoundwa mwaka wa 1980.

Kwa takriban miaka 40 KCPE ndiyo iliyoamua mtoto aingie shule gani ya upili. Katika muundo uliozoeleka, karatasi ya Kiswahili ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua, na swali la 16 hadi la 30 yalikuwa ya sarufi na msamiati. Mtindo wa kuchagua jibu ulitoka mbali. Ulikuzwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na mtihani wa SAT ukautumia tangu mwaka wa 1926 kuwateua wanafunzi wa vyuo. Mtihani wa GMAT, wa kujiunga na shule za biashara, nao ulikuwa na sehemu ya kusahihisha sentensi kwa miaka mingi, ambapo mtahiniwa aliteua sahihi moja kati ya tano. Sehemu hiyo iliondolewa katika toleo jipya lililozinduliwa mwishoni mwa mwaka wa 2023. Ni mwaka huohuo ambapo KCPE ya mwisho ilifanywa Kenya.

Katika maswali ya aina hii jibu sahihi huwa limekwisha kuandikwa, na kazi ya mtahiniwa ni kulitambua. Asiyejua kitu bado ana nafasi moja kati ya nne. Mambo hubadilika katika KCSE. Karatasi ya 102/2 ina alama 80, na 40 kati yake ni za matumizi ya lugha. Humo hamna A wala D. Mtahiniwa hupewa sentensi mbovu naye huandika iliyo sahihi kwa mkono wake. Aliyezoea kutambua tu hujikuta hana la kuandika.

Tazama mfano

Hebu tuchukue swali la kuchagua.

Chagua sentensi iliyo sahihi.
A. Kijana ambaye aliyekuja jana ni mpwa wangu.
B. Kijana aliyekuja jana ni mpwa wangu.
C. Kijana ambaye alikuja jana ni mpwa yangu.
D. Kijana alikujaye jana ni mpwa wangu.

Anayetegemea sikio huenda akachagua A, kwa kuwa huisikia kila siku. Kosa lake ni kurudia urejeshi: "ambaye" imekwisha kurejesha, kwa hivyo "-ye-" ndani ya kitenzi imezidi. C imefaulu katika urejeshi, ila "mpwa" ni nomino ya A-WA na humilikiwa kwa "wangu". D imeweka kirejeshi mwishoni ilhali kitenzi kina kiambishi cha wakati "-li-". Kirejeshi hukaa mwishoni pale tu ambapo hakuna kiambishi cha wakati, kama katika "kijana ajaye". Iliyobaki ni B. Sasa mwalimu na amfunike mwanafunzi majibu yote manne, ampe A peke yake na kumwambia aisahihishe kwa njia mbili. Ataandika "Kijana aliyekuja jana ni mpwa wangu" na "Kijana ambaye alikuja jana ni mpwa wangu". Swali ni lilelile, lakini sasa anaizalisha lugha mwenyewe.

Makosa yanayojirudia

Kwanza, upatanisho wa kisarufi. Sarufi za kale ziliainisha ngeli kwa umbo la nomino, mathalani M-WA na KI-VI. Shule zetu huainisha kwa upatanisho: A-WA, KI-VI, LI-YA na kadhalika. Tofauti hii ina uzito mtihanini. "Kifaru hiki kimejeruhiwa na wawindaji" ni kosa, kwani mnyama huingia A-WA licha ya umbo lake: "Kifaru huyu amejeruhiwa na wawindaji." Hata hivyo, "Kifaru hiki cha jeshi kimeharibika" ni sahihi, maana hapa ni chombo cha vita. Mtahiniwa na asome sentensi nzima kabla ya kugusa kalamu.

Pili, ukanushaji wa vitenzi vya silabi moja na vinavyofanana navyo. "Wageni hawakukuja" husikika kila mahali. Kikanushi cha wakati uliopita ni "-ku-", nacho kinatosha. Sahihi ni "Wageni hawakuja", kama vile "hawakula" na "hawakunywa".

Tatu, hali ya masharti. "Angalisoma kwa bidii angepita" inachanganya viambishi viwili. Ukiandika "Angesoma kwa bidii angepita", uwezekano bado upo. Ukiandika "Angalisoma kwa bidii angalipita", nafasi imekwisha kupita. Kila marekebisho yana maana yake, na mwanafunzi anayeijua maana hataichanganya tena.

Kwa muhtasari, mtahiniwa ajiulize hivi kwa mpangilio: Nomino inayotawala ni ipi, na inapatanishwaje? Kitenzi kiko katika wakati na hali gani, nacho ni yakinishi au kanushi? Kuna kirejeshi, na kiko mahali pake mara moja tu? Akishapata kosa, alirekebishe hilo tu. Anayeiandika upya sentensi nzima aghalabu huzua kosa jipya au huibadilisha maana, na alama humtoka.

Karatasi mbili, hukumu mbili

Hapa ndipo mwalimu wa fasihi anapotiwa majaribuni. Katika karatasi ya 102/3 mtahiniwa akikutana na "nti" kwa maana ya nchi, "mato" kwa maana ya macho, au "yangu kalamu" badala ya "kalamu yangu", hutuzwa alama kwa kutaja matumizi ya lahaja na kuboronga sarufi kama uhuru wa mshairi. Akiyaandika hayohayo katika karatasi ya pili, hupoteza alama. Mwanafunzi mwerevu atauliza: kosa ni kosa au si kosa?

Jibu limo katika historia tuliyoieleza. Aliyetunga kwa Kimvita, kama Abdilatif Abdalla katika Sauti ya Dhiki (1973), hakukiuka sarufi ya lugha yake. Alifuata sarufi ya lahaja ambayo haikuteuliwa mwaka wa 1928. Kwa mintarafu hii, hata jina "uhuru wa mshairi" halitoshi kila mara. Kuboronga "kalamu yangu" ili kupata vina ni uhuru. Kusema "nti" kwa mtu wa Mvita ni lugha ya mama tu.

Tofauti hii si ya kinadharia. Mtoto wa Mombasa au Lamu anayeambiwa darasani kwamba maneno ya nyanyake "si Kiswahili" hujifunza kunyamaza. Mwalimu hana budi kuchagua maneno yake. Na aseme, "Hiyo si sanifu, na mtihani unapima usanifu." Kauli hii ni ya kweli, humwokolea mtoto alama, na haimvunjii nyanya heshima.

Hitimisho

KCPE imepita, na mwaka wa 2025 wanafunzi wa Gredi ya 9 walifanya tathmini yao ya kwanza ya KJSEA kabla ya kuingia sekondari ya juu. Majina ya mitihani yatazidi kubadilika, lakini sentensi mbovu haitakosekana ndani yake. Anayejua kwamba usahihi ni mapatano yaliyofikiwa mahali fulani, mwaka fulani, huzisoma kanuni bila hofu na huisoma fasihi bila dharau. Mwalimu akimpa mwanafunzi kanuni pamoja na sababu yake, atakuwa amemwandaa kwa karatasi zote mbili.