Matuta ya Mgeta na Kiwanda cha Viatu cha Morogoro

Wachunguzi wa habari za viwanda katika nchi changa wana swali lao la siku nyingi: je, kiwanda huuza ng'ambo kwa sababu kina tija, au hupata tija kwa sababu huuza ng'ambo? Tija ni wingi wa mali itokayo kwa kila saa ya kazi na kila shilingi ya mtaji. Mtu aweza kudhani kuwa hilo ni swali la vitabuni tu. Lakini Morogoro imelijibu mara mbili, mlimani na mjini.

Tuanze mlimani. Mgeta iko upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Mboga za Kizungu zililetwa huko na walowezi na wamisionari wa zama za Wadachi, na baadaye zikapata wanunuzi Morogoro na Dar es Salaam. Mwaka 1950 serikali ya Kiingereza ilianza mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Upande wa mashariki, huko Matombo, kazi hiyo iliwachosha watu bila kuwaletea faida. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zikatokea, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukafa. Mgeta matuta yalipokewa vizuri zaidi, kwa kuwa yalinyweshewa maji ya mifereji na kuoteshwa mboga zenye mnunuzi. Amri ilikuwa moja na jembe ni lile lile. Kilichotofautiana ni malipo ya jasho. Ni kweli kwamba Dar es Salaam si Ulaya. Hata hivyo, kwa mkulima wa Mgeta lile lilikuwa soko la mbali, nalo lilimfundisha, maana kabichi ikioza njiani hasara ni yake mwenyewe.

Sasa tushuke mjini. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ya Tanzania ilijenga Morogoro kiwanda kikubwa cha viatu. Kilikusudiwa kutoa viatu milioni 4 kwa mwaka, na robo tatu yake viuzwe Ulaya. Mitambo ilikuwa mipya, na wafanyakazi walikuwapo. Lakini jengo lilikuwa na kuta za alumini, wala halikuwekewa njia za kupitisha hewa, katika nchi yenye joto. Kazi ya kiwanda haikupita sehemu 4 katika 100 za uwezo wake, na mwaka 1990 kikaacha kutengeneza viatu.

Wako wanaosema kwamba kosa lilikuwa uvivu wa wafanyakazi. Hukumu hiyo si ya haki. Mfanyakazi hakuchora jengo, wala hakuchagua ukubwa wa mitambo, wala si yeye aliyeleta dhiki ya fedha za kigeni iliyoibana nchi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Waliopanga kiwanda walihesabu mauzo ya Ulaya kabla kiwanda hakijawaridhisha wanunuzi wa nyumbani. Tena hasara haikumwangukia mpangaji. Ilimwangukia mwananchi aliyebaki kulipa deni.

Uchunguzi wa baadaye watusaidia kuyapima mambo haya. Mwaka 1998 Clerides, Lach na Tybout walitoa habari za viwanda vya Kolombia, Meksiko na Moroko, wakaonyesha kwamba viingiavyo soko la nje huwa ni vile vilivyokwisha kuwa hodari. Mwaka 2005 Van Biesebroeck alitoa habari za nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Aliona kwamba viwanda viuzavyo nje vilikuwa na tija zaidi, na kwamba tija yao iliongezeka baada ya kuanza kuuza.

Kwa maoni yangu majibu hayo mawili hayapingani. Soko la mbali ni mwalimu kweli, ila humfundisha yule aliyekwisha kufika mlangoni kwake na ambaye kosa lake humrudia mwenyewe. Mkulima wa Mgeta alikuwa na mambo hayo yote mawili. Kiwanda cha viatu hakikuwa na hata moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi yeyote apangaye leo kiwanda cha kuuza ng'ambo, kwanza na aulize ni nani ndani ya kiwanda atakayeumia kiatu kibovu kikirudishwa.