Ruanda (Mbozi): siasa za kata na mwenendo wa kura

Ruanda ni kata ya Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania, na haina budi kutofautishwa na kata yenye jina hilohilo iliyomo katika Jiji la Mbeya. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa. Siasa za kata hii ni sehemu ya siasa za ukanda unaoanzia mashamba ya kahawa na mahindi ya Mbozi, ambako Wanyiha ndio wenyeji, hadi Tunduma, mji wa mpakani unaopakana na Nakonde ya Zambia na kupitiwa na barabara kuu pamoja na reli ya TAZARA.

Ngazi za utawala

Kata za vijijini huundwa na vijiji, na kila kijiji hugawanywa katika vitongoji. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mamlaka ya juu ya kijiji ni mkutano mkuu, yaani mkusanyiko wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, ambao huchagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Diwani, ambaye ni mwakilishi wa kata katika halmashauri ya wilaya, huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, ilhali mtendaji wa kata, ambaye ni mwajiriwa wa serikali, huwa katibu wake. Mkuu wa wilaya na mkurugenzi mtendaji wa halmashauri hawapigiwi kura bali huteuliwa na Rais, na kwa sababu hiyo diwani, hata akishinda kwa kura nyingi, hulazimika kuelewana na viongozi wasiowajibika kwa wapiga kura wake.

Mizunguko miwili ya uchaguzi

Mpiga kura wa Ruanda huingia kituoni mara mbili katika kila kipindi cha miaka mitano. Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, unaosimamiwa na wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa (TAMISEMI), ulifanyika Desemba 2014, Novemba 2019 na Novemba 2024, na kila mara ulifuatiwa mwaka mmoja baadaye na uchaguzi mkuu wa Rais, wabunge na madiwani, ulio chini ya Tume ya Uchaguzi. Katika chaguzi zote mbili mgombea sharti adhaminiwe na chama cha siasa, kwa kuwa sheria haimtambui mgombea binafsi.

Mwenendo wa matokeo

Tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992, Chama Cha Mapinduzi (CCM) kimekuwa na mizizi mirefu vijijini, lakini ukanda huu haukuwa ngome yake tupu. Mwaka 2010 jimbo la Mbozi Magharibi, ambalo wakati huo lilijumuisha Tunduma, lilichukuliwa na David Silinde wa chama cha upinzani cha CHADEMA, ilhali Mbozi Mashariki ilibaki kwa Godfrey Zambi wa CCM. Baada ya majimbo kugawanywa upya, mwaka 2015 CHADEMA ilishinda Tunduma (Frank Mwakajoka), Momba (Silinde) na Mbozi (Pascal Haonga), nayo CCM ikashika Vwawa (Japhet Hasunga), Ileje na Songwe. Maelezo ya kawaida kwamba upinzani ni wa mjini na CCM ni ya kijijini yanaifaa Tunduma, yenye wafanyabiashara, vijana na madereva wa malori, lakini hayatoshi kueleza Momba na Mbozi, majimbo ambayo wapiga kura wake wengi ni wakulima.

Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, yaani kuondolewa kwa madai ya kasoro katika fomu zao. Mwaka 2020 Silinde alihamia CCM na kushinda Tunduma, na chama hicho kikatwaa majimbo yote ya mkoa. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa katika karatasi za kura, kwa kuwa ilienguliwa baada ya kutotia saini kanuni za maadili ya uchaguzi mwezi Aprili.

Mahali ushindani unapofanyikia

Kutokana na mabadiliko hayo, takwimu za ushindi baada ya mwaka 2015 hazilinganishiki moja kwa moja na zile zilizotangulia, kwa maana ushindani umehama kutoka sanduku la kura kwenda hatua za awali. Hatua ya kwanza ni kura za maoni, yaani uchaguzi wa ndani ambamo wanachama hupendekeza mgombea wao kabla ya vikao vya juu kutoa uamuzi wa mwisho, na hatua ya pili ni uteuzi rasmi unaofanywa na msimamizi wa uchaguzi. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 iliondoa utaratibu wa mgombea pekee kupita bila kupingwa na kuagiza apigiwe kura ya ndiyo au hapana, jambo linalompa mpiga kura nafasi ya kukataa, ingawa halimpi mgombea mwingine wa kumchagua.